Pingili Nne za Nywele

Kuna vichwa vya kufuga nywele na kuna vichwa vya kunyoa. Cha fundi miwani wetu kilikuwa cha kunyoa, na kila mtu alilijua hilo, kuanzia mkewe hadi muuza maji wa mtaani. Kilikuwa kirefu nyuma na bapa juu. Kikinyolewa kilipendeza kama chungu kipya, kikiachwa kilileta maneno. Alipofikisha mwezi wa tatu bila kupitishwa mashine, maneno yakaja.

"Kichaka," mpimaji macho alimwita asubuhi moja, akiwa bado hajaweka mkoba chini. "Hebu sogea huko ndani. Mteja anaingia hapa analalamika ukungu, akikuona wewe anadhani ugonjwa umemzidi."

Duka zima likacheka, na jina likaganda. Na kweli nywele zilikuwa katika umri mbaya. Hazikuwa fupi kiasi cha kuitwa nadhifu, wala ndefu kiasi cha kuitwa mtindo. Juu zilikataa kusimama, pembeni zilikataa kulala, na kule kisogoni zilishuka hadi kwenye kola zikajikunja zenyewe, kila moja na serikali yake. Akizichana asubuhi, kufika saa nne zilikuwa zimekwisha sahau. Mkewe alishauri kofia. Akanunua ya kijivu, akaivaa hata ndani ya chumba cha kusagia lenzi, ambako hakuna anayemwona ila mashine.

Wenzake walidhani ni mambo ya mtindo. Mkewe alidhani umri umempiga teke, maana mwanamume akikaribia arobaini hufanya vituko, na heri nywele kuliko vituko vingine. Wote walikosea. Kichaka alikuwa anafuga nywele kwa uoga, na uoga wenyewe hakuwa na mtu wa kumwambia.

Baba yake alikuwa kinyozi. Si kinyozi wa juzi. Alikuwa na miaka arobaini na mmoja katika chumba kile kile cha mbele cha nyumba yake, na kiti kile kile cha kuzunguka ambacho mkono wake mmoja ulifungwa kwa waya, na kioo kile kile chenye ufa kwenye kona ya chini. Watu walimwita Mzee Wembe, na yeye alilipenda jina hilo kuliko alilopewa na wazazi wake. Alikuwa na majivuno ya kazi. Mimi sioni ubaya, kwani anayekijua kitu kweli akijivuna kidogo ana haki. Mchana wateja wakipungua alikaa mlangoni akasoma vichwa vya wapita njia.

"Yule kanyolewa na jamaa wa karibu na soko," alikuwa akisema. "Mkono wake unapanda kushoto. Na huyu hapa kajinyoa mwenyewe, Mungu amsamehe. Hakuambiwa kwamba kinyozi hajinyoi."

Hakukosea hata siku moja. Ndiyo maana Kichaka hakuthubutu kwenda kwa kinyozi mwingine. Mwezi wa pili alifika hadi mlangoni kwa huyo jamaa wa karibu na soko, akasimama, akaona vile mkono unavyopanda kushoto, akarudi nyumbani na nywele zake.

Mzee alikuwa na desturi yake. Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi, kabla hajamgusa mteja yeyote, alimnyoa mwanawe. Aliita kufungua mwezi. Alianza mtoto akiwa na miaka mitano, anawekewa kigoda juu ya kiti ili kichwa kifikie mkono, na hawakuwahi kukosa, hata mwanawe alipooa na kuhamia mtaa wa pili, hata mwezi ule waliomzika mama. "Mwezi uliofunguliwa na kichwa cha nyumbani haukosi wateja," mzee alisema, na hakuna aliyembishia, kwa sababu wateja walikuwepo.

Mpaka Jumamosi ile. Mzee alikuwa amekwisha maliza na mashine, ameshika wembe, anasafisha ukingo juu ya sikio la kushoto, mara wembe ukachukua na ngozi. Damu ikashuka shingoni.

"Umetikisika!" mzee alisema kwa ukali.

Kichaka hakuwa ametikisika. Miaka thelathini na zaidi ya kukaa kwenye kiti kile, angeweza kulala usingizi bila kusogeza kope. Lakini hicho sicho kilichomfanya anyamaze. Alikuwa anatazama kwenye kioo. Alimwona baba yake ananyoosha mkono kuchukua chupa ya spiriti, iliyokuwa pale pale kushoto inapokaa siku zote, na mkono ukapita pembeni ya chupa. Ukarudi, ukapita tena. Mwishowe mzee akageuza kichwa chote, kama anayeitwa na mtu kutoka nyuma, ndipo akaiona.

Sasa, mtu mwingine angesema ni haraka, au ni uzee. Kichaka hakuwa na pa kujificha namna hiyo. Alikuwa na miaka kumi na mmoja katika duka la miwani, na kupitia ukuta mwembamba wa mbao alikuwa amemsikia mpimaji akiwaeleza wateja zaidi ya mara mia: presha ya macho haiumi, inaanza kula pembeni, na mwenyewe haoni kwamba haoni. Ikishakula haitapiki. Kinachobaki unaweza kukilinda, kilicholiwa kimeliwa. Kwa hiyo alijua. Aliketi na damu shingoni na shuka nyeupe kifuani, akajua, sekunde ile ile.

"Samahani, baba," akasema. "Nilitikisika."

Mzee akashusha pumzi. Akampaka spiriti, akambandika plasta, akamwambia akae kama mtu mzima siku nyingine. Hapo ndipo uongo ulipozaliwa, na uongo ni mtoto asiyelelewa na mzazi mmoja. Jumamosi ya kwanza ya mwezi uliofuata, Kichaka akaona shuka imetandazwa kitini na mashine imekwisha pakwa mafuta, sikio likamwasha, akasema maneno ambayo hakuwa ameyapanga.

"Baba, nimeamua kufuga."

"Kufuga nini? Kuku?"

"Nywele."

Mzee aliiweka mashine chini. Kisha akaikunja shuka taratibu, pembe kwa pembe, akaiweka rafuni. "Haya," alisema. "Kichwa ni chako."

Angegomba ingekuwa nafuu. Kichaka alijiandaa kwa ugomvi, maana mzee alikuwa na maneno yake kuhusu wanaume wenye nywele. Badala yake, wiki mbili baadaye mzee akaja mwenyewe kwa miguu hadi nyumbani kwa mwanawe, kapakata mfuko. Ndani mlikuwa na chanuo la mbao lenye meno mapana na chupa ya mafuta aliyoyachanganya kwa mkono wake.

"Ukiamua jambo, lifanye vizuri," alisema. "Usizichane kavu, utazikata. Lowesha kwanza. Usiku zifunge kitambaa. Na uwe na subira, nywele hazina haraka. Ona." Akakamata unywele mmoja wa mwanawe, akaunyoosha kwenye kidole chake cha shahada. "Pingili moja ya kidole, miezi miwili. Hapa hata moja hujafika. Ukifika pingili ya pili utatamani kulia. Ndio umri mbaya huo, wengi hunyoa hapo. Ukiipita ya tatu, umevuka."

"Ahsante, baba."

"Na siri kubwa ni moja. Anayefuga haachi kinyozi. Juu unaacha, pembeni na kisogo unakuja ninakusafisha kila mwezi. Bila hivyo utaonekana mtu aliyetoroka mahali."

Mnaona mtego? Dawa ya umri mbaya wa nywele ni kinyozi mzuri, na Kichaka alikuwa na kinyozi mzuri kuliko wote, damu yake mwenyewe, na alikuwa anafuga nywele ili asimkaribie.

"Nataka zikue zote pamoja, baba," alisema, macho sakafuni. "Hata za pembeni. Ndivyo wanavyofanya siku hizi."

"Nani wanafanya hivyo?"

"Wengi tu."

Mzee akacheka kidogo, akanywa chai aliyopewa na mkwewe. Aliporudisha kikombe alikiweka nje ya ukingo wa meza, upande wa kushoto, kikaanguka na kuvunjika. Akaomba radhi mara tatu. Alipoondoka, mkewe Kichaka aliokota vipande akasema, "Baba haoni vizuri, au macho yangu?"

"Ni uzee," Kichaka akajibu.

"Wewe si unafanya kazi huko kwenye macho? Mpeleke wamwangalie."

"Nimekwambia ni uzee, mama watoto. Mbona unamtafutia mzee wa watu magonjwa?"

Mkewe akaamini, kwa sababu mumewe ndiye mtu wa macho. Kichaka aliingia chumbani akakaa kitandani na chanuo lile mkononi, akajiona mdogo kuliko meno ya chanuo.

Kwa nini hakusema? Nimejiuliza sana, na sitaki kumtetea. Alijiambia kwamba mzee akiambiwa atafunga duka, na duka ndilo lililobaki tangu mama aondoke. Hilo ni kweli. Alijiambia kwamba huenda amekosea, yeye si mpimaji, yeye ni wa kusaga lenzi na kukaza skrubu za fremu. Hilo ni nusu kweli. Ukweli wenyewe ni kwamba alikwisha sema "nilitikisika", na kila siku iliyopita kusema kweli kulizidi kuwa kugumu, kwa maana ingebidi aeleze pia kwa nini hakusema jana. Mficha maradhi kifo humuumbua, wahenga walisema, lakini wahenga hawakutuambia tufanye nini na anayeficha maradhi ya mtu mwingine.

Alimwambia mtu mmoja tu. Ilikuwa siku ile ile aliyopewa jina. Jioni wakifunga duka mpimaji alimuuliza, kwa utani bado, "Hivi baba yako si kinyozi? Mbona anakuachia hivyo?" Na Kichaka, amechoka, akasimulia yote, wembe, chupa, mkono uliopita pembeni. Mpimaji aliacha kutabasamu kabla hajafika katikati.

"Ana miaka mingapi?"

"Sitini na minane."

"Na wewe umekaa na habari hiyo karibu miezi mitatu?" Hakungoja jibu. Alichukua kadi ya miadi, akaandika jina la mzee na tarehe ya Jumatano. "Mlete. Nitampima mwenyewe, bure. Kichaka, hili si jambo la kulala nalo."

Kichaka aliponunua ile kofia ya kijivu, akaitia kadi ndani ya utepe wake ili asiisahau. Hakuisahau. Aliisikia kwenye paji la uso kila alipovaa kofia. Jumatano ile alisema mzee kasafiri. Jumatano iliyofuata alisema mzee ana mafua. Mpimaji alipouliza mara ya tatu, akasema mzee kapimwa hospitali nyingine na hana neno. "Alhamdulillahi," mpimaji akasema, akafurahi kutoka moyoni, na furaha ile ilimuuma Kichaka kuliko angetukanwa.

Mwezi wa nne ukaja, pingili ya pili, na kweli alitamani kulia. Nywele zilisimama upande mmoja kama zimesikia habari mbaya. Watoto wake walimficha walipokuja wenzao. Lakini kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi alikwenda kumsalimu baba yake, kwa kuwa kutokwenda kungeonekana, na kila mara aliikuta shuka nyeupe imetandazwa juu ya kiti, imepigwa pasi.

"Naitandaza tu," mzee alisema siku moja alipomwona anaitazama. "Pengine umebadili mawazo. Siku hizi mwezi naufungua na kichwa cha yeyote anayewahi." Kisha akaongeza, kana kwamba anataja hali ya hewa, "Ujue tangu mama yako aondoke, hiki kiti ndicho kinachoniamsha asubuhi."

Kichaka alikuwa amekuja siku hiyo amekusudia kusema. Alikuwa amejirudia maneno njia nzima. Akayameza yote, akaomba maji ya kuyashushia.

Mwezi wa saba nywele zikavuka. Jambo la ajabu, zilivuka kwa wiki moja tu. Zilipata uzito, zikatulia, zikakaa kichwani kama zilizojua muda wote zinakwenda wapi. Wateja wakaanza kumsifu. Mkewe alipitisha vidole akasema, "Kumbe!" Hata mpimaji alisema jina la Kichaka limepitwa na wakati. Kichaka alizidi kuvaa kofia. Hakustahimili kusifiwa kwa kitu kile. Kila akijitazama kwenye kioo aliona urefu wa muda, na kitu gani kilikuwa kinaliwa mahali pengine wakati nywele zinaongezeka hapa.

Yaliyofichwa yalitoka Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa nane, mchana kweupe. Kitini alikaa mwalimu mstaafu, mteja wa miaka ishirini. Benchini alikuwepo mteja mwingine akisubiri, na Kichaka kando yake amekuja kusalimia. Mzee alimaliza, akapuliza nywele, akapaka poda, akaondoa shuka kwa ule mpukuto wake wa maringo.

"Tayari, mwalimu."

Mwalimu akajitazama. Akageuza kichwa. Upande wa kulia alikuwa amenyolewa safi. Upande wa kushoto, kutoka juu ya sikio hadi kisogoni, mstari mzima wa nywele mpana kama vidole vitatu ulikuwa umebaki, haukuguswa kabisa.

"Ahaa," mwalimu akacheka. "Huku umeniachia kichaka nifanane na mwanao?"

Mzee naye akacheka, akidhani ni utani. "Wapi?"

"Hapa."

"Wapi, mwalimu?"

Mwalimu akashika nywele zile kwa mkono. Kicheko kikamwisha. Mzee akageuza kichwa chote, akazunguka kiti, akainama, ndipo akaona. Methali inasema ukiona mwenzako ananyolewa, zako tia maji. Yule aliyekuwa akisubiri hakutia maji wala nini, aliinuka taratibu akasema amekumbuka safari, akaondoka.

Mzee aliumaliza upande ule kwa mashine, polepole. Mwalimu alipotoka, alifunga mlango nusu, akakaa kwenye kiti chake mwenyewe, ambacho sikumbuki kama aliwahi kukikalia.

"Wewe ndiye mtu wa macho," alimwambia mwanawe. "Njoo uniangalie."

"Baba, mimi si mpimaji."

"Niangalie tu."

Kichaka akapiga magoti mbele ya kiti. Macho ya mzee yalikuwa mazuri, meusi, hayana doa lolote kwa nje. "Twende hospitali Jumatatu," alisema.

Jumatatu walipita vyumba vitatu. Mzee aliweka kidevu kwenye mashine, akatiwa matone, akaambiwa bonyeza kila uonapo nukta ya mwanga, naye akabonyeza mara chache mno. Kisha wakakaa mbele ya daktari, mwanamume mpole mwenye sauti ya chini. Daktari alieleza kwa kutumia kalamu na karatasi. Alichora mduara, akaupaka wino kuanzia ukingoni kuingia ndani, akaacha kidirisha katikati. "Hiki ndicho ulichonacho, mzee. Matone haya, asubuhi na jioni, bila kukosa, tunajaribu kukilinda. Hiki kilichopakwa hakirudi."

Mzee aliitazama karatasi. "Ningekuja mapema?"

"Ungekuwa na zaidi ya hiki. Dalili zilianza lini?"

"Sijui, kusema kweli. Niliona vitu vinanipotea pembeni, nikasema ni mimi. Sikuwa na wasiwasi." Akamwonyesha daktari mwanawe kwa kidole gumba, na uso wake ukawa na ile fahari ya zamani. "Huyu hapa kazi yake ni macho. Kutwa nzima yuko na macho ya watu. Nilijua kama nina kitu, yeye angeniambia."

Chumba kilikuwa kidogo, na Kichaka alihisi kimekuwa kidogo zaidi. Angeweza kunyamaza. Daktari angeandika, mzee angeenda zake akiwa na mtoto wa kujivunia, na hakuna ambaye angejua. Alivua kofia. Akatoa kadi kwenye utepe, imelainika kwa jasho na kupinda kama paji lake la uso, akaiweka mezani.

"Nini hiyo?" mzee aliuliza, anageuza kichwa kuitafuta.

Daktari akaichukua. "Ni kadi ya miadi ya kupima macho," alisoma. "Ina jina lako, mzee. Tarehe ni ya miezi mitano iliyopita."

"Nilijua tangu siku ile ya sikio," Kichaka alisema. "Niliona ulivyoitafuta chupa. Nilijua ni nini, baba. Nywele nimefuga nisikae tena kwenye kiti chako, na nisilazimike kukwambia."

Mzee aligeuza uso upande wa sauti ile. Alinyoosha mkono, ukapita hewani, ukarudi, ukapata kichwa cha mwanawe. Alikamata unywele mmoja pale juu, akaunyoosha kwenye kidole chake, akapima kama alivyopima maisha yake yote. Pingili ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kidole kikaisha, akaendelea kwenye kidole cha pili.

"Pingili nne," alimwambia daktari. "Andika miezi minane."

Daktari akaandika.

Wiki zile zilizofuata Kichaka alikwenda asubuhi kabla ya kazi na jioni baada ya kazi, kumtia matone. Mzee aliinua uso, akapokea, akafumba macho, akasema ahsante. Hakumgombeza. Hakumtania pia, na nyumba ile bila utani ilikuwa kama shule siku ya likizo. Mpimaji alipoambiwa ukweli alimtazama Kichaka, akasema, "Nilishukuru Mungu kwa uongo wako," kisha akarudi chumbani kwake akafunga mlango. Tangu siku hiyo anamwita kwa jina lake la kweli, na Kichaka angetoa chochote aitwe Kichaka tena. Majuto ni mjukuu, lakini mjukuu huyu aliwahi kufika, akakaa mapajani, akakataa kushuka.

Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa tisa alifika alfajiri. Shuka nyeupe ilikuwa kitini. Wembe haukuwepo kwenye kikombe chake. Mzee alikuwa ameutia ndani ya kopo la bati na kopo akaliweka juu ya kabati, mahali asipofikia bila kupanda kigoda. Mashine ilikuwa mezani. Kichaka alimtia baba yake matone, akangoja yatulie, halafu akakaa kitini bila kuambiwa.

"Fungua mwezi, baba," alisema. "Nyoa zote."

Mzee alimfunga shuka shingoni. Akawasha mashine, akaisogeza hadi utosini. Ilinguruma pale muda. Akaizima.

"Hapana," alisema. "Nimekusamehe au sijakusamehe, sijui bado, usiniulize leo. Lakini hizi ziache. Daktari ananiuliza kila nikienda, ni muda gani sasa. Kichwa changu kinasahau. Nitakuwa nazipima."

"Baba, tafadhali. Siwezi kutembea nazo."

"Utatembea nazo. Mimi natembea na giza langu." Akawasha tena mashine, akaishusha pembeni. "Nitakusafishia kisogo na masikio tu. Kama nilivyokuomba tangu mwanzo."

Alifanya kazi taratibu, anageuza kichwa chote kufuata mkono wake, kama mtu anayetazama kupitia tundu la mlango. Kichaka alikaa. Mashine ilipanda kutoka shingoni, ikaja nyuma ya sikio la kushoto, ikafika kwenye kovu. Mkono wa mzee ukasimama hapo. Kidole gumba kikalipapasa lile kovu, mara moja, mara mbili.

"Usitikisike," mzee alisema.

"Sitikisiki, baba."

"Najua. Hata siku ile hukutikisika."